Juma Kuu: Kila Siku na Somo Lake

Jumapili ya Matawi ikikaribia, washarika huniuliza wasome nini nyumbani katika Juma Kuu. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha Biblia na kuandaa tafakari za kila siku, wengi hutarajia niwape orodha ndefu ya mafungu. Mimi huwaambia wachukue Injili ya Marko, sura ya 11 hadi ya 16, wasome kila siku sehemu ya siku hiyo tu, kisha wafunge Biblia. Jumatatu mtu asifike msalabani. Jumatano asichungulie kaburini.

Namchagua Marko kwa sababu yeye ndiye anayezihesabu siku zenyewe. Katika sura kumi za kwanza anakwenda mbio: leo uponyaji, kesho mashua, mara mlimani, mara nyumbani. Yesu akishaingia Yerusalemu, mwandishi huyo huyo anapunguza mwendo. Anatuambia kumekucha, kumekuchwa, zimebaki siku mbili kufika Pasaka. Ijumaa anahesabu hata saa. Sura 6 kati ya 16 amezitoa kwa siku nane. Nadhani alitaka na msomaji atembee kwa mwendo huo, na ndiyo maana nasisitiza tusiyameze masomo yote kwa mkupuo.

Karamu ya Bethania, ambamo mwanamke alimpaka Yesu marhamu, Marko anaisimulia zikiwa zimebaki siku mbili, lakini Yohana anaiweka siku sita kabla ya Pasaka, na makanisa mengi husoma simulizi lake siku ya Jumatatu. Ni sawa. Ila katika ibada ya nyumbani usihangaike kupatanisha Injili mbili kabla hujanywa hata maji ya asubuhi. Mwaka huu Marko, mwaka ujao Yohana.

Soma kwa sauti, mara mbili, kisha ujiulize swali moja siku zote nane: katika kifungu hiki, nani anamkaribia Yesu na nani anajitenga naye? Utaona umati wa Jumapili ukipungua siku hadi siku, hata Ijumaa wanabaki wanawake wakitazama kwa mbali.

Jumapili ya Matawi wengi huishia kwenye Hosana. Endelea mpaka 11:11. Yesu anaingia hekaluni, anatazama pande zote, na kwa kuwa jioni imeingia anatoka kwenda Bethania na wale Thenashara. Hasemi neno. Siku ya shangwe kubwa inaisha kwa mtu anayetazama tu. Jioni hiyo omba akutazame nawe vivyo hivyo, pande zote, kabla hajapindua meza yoyote. Meza zinakuja Jumatatu (11:12-19), pamoja na mtini usio na matunda.

Jumanne ni ndefu mno: mabishano juu ya mamlaka, kodi ya Kaisari, ufufuo, amri iliyo kuu. Usijaribu kuibeba yote. Mimi ningechukua 12:38-44, na ningeomba usiwatenganishe waandishi na mjane. Tumezoea kumhubiri mjane na senti zake mbili kama mfano wa utoaji, lakini aya moja tu kabla yake Yesu amewashutumu wale wanaokula nyumba za wajane. Ukizisoma pamoja, mjane yule haombwi tena atoe zaidi. Anaonekana, kwa jicho la mtu ambaye naye yuko karibu kutoa vyote alivyo navyo.

Jumatano ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote za juma hili, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Soma 14:1-11. Mwanzoni wakuu wa makuhani wanatafuta njia ya kumkamata kwa hila. Mwishoni Yuda anawaendea, nao wanaahidi kumpa fedha. Katikati ya njama hizo mbili Marko ameweka nyumba ya Simoni mkoma na mwanamke asiyetajwa jina, mwenye chupa ya marhamu ya nardo safi. Anaivunja. Waliokuwapo wanapiga hesabu mara moja: marhamu hiyo ingeuzwa zaidi ya dinari 300. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo wanazungumzia karibu kazi ya mwaka mzima. Hoja yao ina uzito, maana wanawataja maskini. Yesu naye hawakani maskini; anasema watakuwa nanyi siku zote, na mwaweza kuwatendea mema wakati wowote mpendapo. Lakini juu ya mwanamke anasema, “Ametenda alivyoweza.”

Sentensi hiyo inatosha kwa siku nzima. Hakuweza kuzuia njama. Hakuwa na kura barazani. Wanafunzi walikuwa wameambiwa mara tatu kwamba atauawa. Mwanamke huyu ndiye aliyeupaka mwili wa Yesu mapema kwa maziko. Kama unamuuguza mtu asiyepona, au unaona jambo baya likija na huna nguvu ya kulizuia, kaa na aya hizi.

Alhamisi Kuu soma usiku, kuanzia karamu hadi jogoo awike. Kabla ya kutoka kwenda Mlima wa Mizeituni, Marko anasema waliimba. Katika desturi ya Pasaka ya Wayahudi huimbwa Zaburi za 113 hadi 118, na huenda ndizo walizoimba. Hebu isome ya 118 wakati huo. Hosana ya Jumapili ilitoka humo, na jiwe walilolikataa waashi, alilolitaja Yesu Jumanne, limo humo pia. Humo pia mna “siku aliyoifanya Bwana.” Kama ndiyo waliyoimba, basi Yesu alikwenda Gethsemane na maneno hayo kinywani.

Ijumaa fuata saa za Marko: saa tatu, saa sita, saa tisa. Simama kidogo kila saa, usome aya chache za sura ya 15. Saa tisa ongeza Zaburi ya 22 yote, kwa maana kilio cha msalabani ndio mwanzo wake.

Jumamosi Marko hana la kusema. Anatuacha kaburini Ijumaa jioni, na anapofungua kinywa tena sabato imekwisha kupita. Luka anaongeza tu kwamba wanawake walistarehe kama ilivyoamriwa. Manukato hayajatumika, jiwe liko mahali pake, na hakuna wa kuwaambia kesho itakuwaje. Usiharakishe kuimba haleluya. Soma Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani, uwaombee kwa majina wale ambao Jumamosi yao imedumu miaka.

Asubuhi ya Pasaka soma 16:1-8 na usimame hapo kwanza. Hati mbili kuu za Biblia za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaimaliza Injili ya Marko kwenye aya ya 8, wanawake wakikimbia kwa hofu na mshangao. Usiione haya hofu yako mbele ya habari kubwa namna hii. Alasiri, mkiwa mmepumzika, someni Luka 24:13-35, safari ya Emau, maana ilikuwa siku iyo hiyo na watu wawili bado walikuwa hawajaelewa.