Laxton: kijiji cha Uingereza ambacho mashamba yake hayana fensi

Watu wakisikia kijiji cha Uingereza wanawaza kanisa la mawe na mashamba yamezungushiwa miti, sasa hizo fensi za miti nyingi sio za kale kihivyo. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la kule lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kufunga mashamba ya pamoja, karibu ekari milioni 6.8, na wanyonge wengi wakabaki hawana hata pa kulisha ng'ombe mmoja.

Laxton, huko Nottinghamshire, ilipona. Mabwana wenye ardhi walikuwa wawili wakubwa, mazungumzo ya kubadilishana vipande hayakufika mwisho, basi ikabaki hivyo hivyo. Kwahiyo mpaka leo kuna mashamba makubwa matatu, West Field, Mill Field na South Field, ndani yake kila mkulima ana vipande vyake vimetawanyika huku na huku. Vipande ni virefu na vyembamba kwa sababu zamani plau ilivutwa na ng'ombe, na kugeuza ng'ombe wote hao mwisho wa shamba ni shughuli, bora uende mbali kwanza ndo ugeuze. Shamba moja linapandwa ngano, lingine mazao ya masika, la tatu linapumzishwa, mwaka unaofuata wanazungusha.

Ila kinachonivutia mimi zaidi ni wanavyolindana. Bila fensi jirani anaweza kukumegea mstari mmoja wa plau leo, mwingine mwakani, ukishtuka kipande kimeisha! Ndo maana kila mwaka, mwishoni mwa Novemba hivi, wazee wa baraza, wakulima wenyewe hao, wanaenda shambani na vigingi na nyundo wanakagua mipaka, aliyelima hadi njiani au kwa mwenzie anapigwa faini na mahakama ya kijiji. Faini yenyewe ni pauni chache tu, ila kutajwa jina mbele ya majirani ndo kunauma.

Ramani yao ya 1635, iliyochorwa na Mark Pierce, inaonyesha kipande kimoja kimoja na mtu anayekilima, ipo maktaba ya Bodleian, Oxford. Ardhi yenyewe, mwaka 1952 bwana mwenye ardhi, Earl Manvers, aliiuzia wizara ya kilimo, 1981 ikaenda Crown Estate, shirika linalosimamia mali za ufalme, na 2020 ikanunuliwa na Thoresby Estate, yaani mali ile ile ya ukoo wa Manvers.