Kuacha pombe na unga: maswali kuhusu siku za arosto

Dripu ya "kusafisha damu" inapatikana wapi?

Haipo. Anayetoa pombe au heroini (ndiyo unga) mwilini ni ini na figo. Kazi ya daktari ni kumvusha mgonjwa salama katika siku ambazo mwili unadai kile ulichozoea, yaani arosto.

Mume wangu anakunywa gongo kila siku. Aache leo leo?

Asikate ghafla kabla hajaonwa na daktari. Wengi wanaogopa arosto ya unga, kumbe ya pombe ndiyo inayoua zaidi. Pombe hupooza ubongo, na ubongo nao hujiongezea kasi ili kuhimili. Pombe ikikatika, kasi inabaki bila breki. Ndani ya masaa 6 hadi 24 mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Hadi masaa 48 anaweza kuanguka degedege. Siku ya 2 hadi ya 4 wengine wanaweweseka, wanaona wadudu au watu wasiokuwepo, na joto la mwili linapanda. Hapo ndugu husema ni mashetani. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, tafadhali, msisubiri kukuche.

Hospitalini hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, inayopunguzwa taratibu, kwa kawaida siku 3 hadi 7, pamoja na vitamini B1. Vitamini hiyo hutangulia dripu ya glukozi, kwa sababu mwili hauwezi kutumia sukari bila B1. Mlevi wa muda mrefu akitanguliziwa glukozi, ubongo wake unaweza kuharibika kwa kudumu. Usimnunulie diazepamu dukani: ikikutana na pombe, pumzi inafifia.

Na arosto ya unga?

Huanza masaa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hukolea siku ya 2 na ya 3, kisha hupungua kwa wiki moja hivi. Miayo, kamasi, machozi, mifupa kuuma, kutapika, kuharisha. Inatesa sana. Hatari kubwa ni kuishiwa maji: changanya pakiti 1 ya ORS na lita 1 ya maji safi, anywe kidogo kidogo hata kama anatapika. Mjamzito asiache ghafla, mimba inaweza kutoka. Yeye aende moja kwa moja kwenye methadoni, dawa inayotolewa kliniki badala ya heroini.

Tulimfungia chumbani wiki nzima. Si amepona?

Amemaliza arosto tu, na sasa yuko hatarini kuliko mwanzo. Mwili umepoteza uzoefu. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inasimama. Ukimkuta anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi na mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mlaze ubavu na mkimbize hospitali, wakampe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini.

Ndiyo maana kwa unga tunapendekeza methadoni. Kliniki ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo. Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30, kwa kuwa dawa hujilimbikiza mwilini siku hadi siku. Anayeona haimtoshi akaongezea unga ndiye anayefia usingizini.

Tuanzie wapi?

Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania. Mkifika kliniki, mgonjwa ataje kila alichotumia, kiasi gani, na mara ya mwisho lini, hata vidonge vya usingizi. Akivificha, dozi itapangwa kwa mwili usio wake.