Mtoto mwenye AS hana ugonjwa uliolala

Katika familia nyingi za Kisumu na maeneo mengine ya kando ya Ziwa Viktoria, inaaminika kwamba mtoto aliyepimwa damu akapatikana na AS ana ugonjwa wa selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) uliolala, ambao utaamka akikua. Kwa hofu hiyo, inayoeleweka kwa yeyote aliyewahi kumuuguza mtoto, wengine huwakataza watoto hao hata kucheza mpira.

Herufi hizo zinaeleza urithi. A ni himoglobini (sehemu ya damu inayobeba oksijeni) ya kawaida, S ni ya selimundu, na mtoto hupokea moja kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Mwenye AS ni mbebaji, naye hubaki AS maisha yake yote, akikua na kucheza kama wenzake, ingawa katika mazoezi makali ya juani anahitaji maji na mapumziko.

AS hupunguza sana hatari ya malaria kali, lakini haizuii malaria yenyewe; chandarua kibaki kitandani.

Anayetaka kuhakikisha aisome karatasi ya maabara. Ikisema tu kwamba kipimo cha selimundu ni “chanya”, bado haijajibu swali, kwa kuwa kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe nyekundu za damu hujikunja hakitofautishi AS na SS. Aombe elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Wazazi nao wapimwe: wakiwa wote AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye SS, hata kama waliotangulia ni wazima.