Je, Wajua Kwa Nini Magurudumu ya Nyuma Huvuma?

Gari linatoka Nakuru mjini likiwa kimya. Likishika barabara ya Mau Summit na spidi ikapita 60, mvumo unaanza: "wuuuu" nzito, kama ndege ndogo iliyo mbali na isiyofika. Ukiongeza mwendo nao unapanda, ukipunguza unashuka. Kwa fundi, jibu la haraka ni kwamba beringi imekufa, na huenda ni kweli. Lakini mara nyingi mno beringi mpya hufungwa, pesa zikalipwa, na mvumo ukabaki palepale, kwa sababu aliyekuwa akivuma ni tairi.

Huko nyuma wanaoweza kuvuma hivyo ni watatu: tairi, beringi ya gurudumu (pete yenye gololi inayoliwezesha gurudumu kuzunguka), na difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne. Wote watatu hufuata mwendo wa gari, ndiyo maana husingiziana. Usijaribu kuwatofautisha kwa sauti yenyewe. Tafuta ni kitu gani kinachoibadilisha sauti hiyo.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini sikio hudanganyika. Tairi la 185/65 R15 lina mzingo wa karibu mita 1.95. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 11 na ushei kwa sekunde. Chukua beringi yenye gololi 13 kwenye mstari, na kidonda kimoja kwenye njia ya nje ambamo gololi hukimbilia. Kizimba kinachozishika gololi huzunguka polepole kuliko gurudumu, chini ya nusu ya mwendo wake, kwa hiyo kila gurudumu linapozunguka mara moja, gololi kama tano hivi hupita juu ya kidonda. Hayo ni mapigo karibu 60 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuyahesabu. Huyaunganisha yakawa mvumo mmoja mzito. Kwa kilomita 40 mapigo hushuka hadi 30 hivi, chini kiasi kwamba hayasikiki vizuri katikati ya kelele za mjini. Basi gari lililo kimya Nakuru mjini linaweza kuvuma vibaya likifika Njoro.

Sasa chukua tairi lililokula kwa mabonde, tuseme mabonde 10 kuzunguka uso wake. Kumi mara 11 ni mapigo 110 kwa sekunde: mvumo mzito vilevile. Na bodi ya gari lenye mgongo mrefu, kama Probox au Fielder, ina paa pana na buti iliyo wazi hadi kwenye viti; hupokea mvumo huo na kuukuza kama ngoma. Ndiyo maana abiria wa nyuma hulalamika kabla ya dereva.

Anza na yale yasiyohitaji spana. Kwenye barabara tambarare na iliyo wazi, fika kilomita 70 au 80, kisha weka gia fri na uache gari liteleze. Mvumo ukikatika injini inaposhuka, huo si wa magurudumu. Angalia ekzosi na mipira inayoshikilia injini. Mvumo ukiendelea kama ulivyokuwa, injini imeondolewa lawama. Jaribio hili lisifanywe kabisa kwenye mteremko wa Salgaa au Sachangwan. Huko kwenda fri kumeua watu wengi, na mvumo wa tairi si sababu ya kuongeza idadi yao.

Jambo la pili ni lami. Barabara zetu hubadilika ghafla: kipande kipya laini, kisha lami ya zamani ya kokoto, kisha viraka. Shikilia spidi ileile na usikilize pale rangi ya lami inapobadilika. Tairi huimba kwa kugusana na barabara, kwa hiyo wimbo wake hubadilika papo hapo. Kwenye lami laini unaweza hata kupotea. Beringi haina habari na lami. Itavuma vilevile, ingawa kwenye lami mbaya hufunikwa na kelele nyingine na ukadhani imepona.

Jaribio la tatu ni kuhamisha uzito. Gari likikata kulia, uzito huegemea magurudumu ya kushoto, na kinyume chake. Kwa kuwa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kila raundabauti tunaizunguka kama mshale wa saa, tukikata kulia mfululizo. Zunguka raundabauti ya Kondele, Kisumu, saa ambayo haina msongamano: mvumo ukiongezeka mle ndani, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kushoto. Kwenye barabara pana isiyo na magari unaweza pia kuyumbisha usukani taratibu kushoto na kulia kwa kilomita 60. Lakini jaribio hili halisemi ukweli kila mara. Beringi nyingi za kisasa zina mistari miwili ya gololi, na kidonda kikiwa kwenye mstari wa ndani sauti inaweza kupanda upande usioutarajia. Lichukue kama fununu. Hukumu ingoje.

Baada ya hapo, simamisha gari na utumie kiganja. Pitisha mkono juu ya uso wa tairi la nyuma kuelekea mbele, kisha urudi kinyumenyume, kwenye bega la ndani na la nje. Ukiona upande mmoja wa kwenda ni laini na wa kurudi unakwaruza kama msumeno, meno ya tairi yamelika kwa kuinama. Ukihisi mabonde yanayopishana kila baada ya upana wa kiganja, hiyo ni kazi ya shokabsoba iliyochoka: gurudumu linadunda juu ya lami badala ya kuikanyaga, na kila linapotua linakula kipande. Bega la ndani ndilo husahaulika, kwa kuwa halionekani ukiwa umesimama kando ya gari. Lala chini kama ni lazima.

Kwa nini tairi la nyuma huugua hivi kuliko la mbele? Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele limebeba injini na gia huko mbele, na nyuma ni pepesi. Tairi la nyuma halivuti wala halikati kona kwa usukani. Kazi yake ni kufuata tu. Tairi la mbele husagwa na kazi hadi uso wake ukanyooka, lakini la nyuma hulika kidogo kidogo palepale siku zote. Likiachwa kilomita 20,000 au 30,000 bila kuhamishwa, msumeno hujichonga wenyewe. Ongeza upepo mdogo au ekseli iliyopigwa na shimo, na mvumo unakuja mapema zaidi.

Kuhusu upepo, kibandiko kilicho kwenye mwimo wa mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani mara nyingi huandikwa kwa Kijapani na kwa kPa, kipimo cha shinikizo la upepo. Gawanya namba hiyo kwa 6.9 upate psi, kipimo kinachosomwa kwenye geji nyingi za hapa: 220 ni 32, 230 ni 33. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi; ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira mzee hukauka, na mpira mkavu huvuma hata kama meno yake bado ni marefu.

Jaribio linalomaliza ubishi ni kubadilisha matairi mahali, na halikugharimu zaidi ya dakika 40 na jasho. Peleka ya nyuma mbele na ya mbele nyuma, kila moja libaki upande wake, ili hata yale yenye mshale wa mwelekeo yasigeuzwe. Saizi ziwe sawa. Kisha rudia barabara ileile kwa spidi ileile. Mvumo ukihamia mbele au ukibadilika sauti, ni tairi. Usipobadilika hata chembe, sasa una haki ya kuishuku beringi. Ni ajabu jinsi hatua hii inavyorukwa, ilhali ni ya bure.

Kwa beringi, inua nyuma kwa jeki na uweke stendi. Jeki peke yake haitoshi. Breki ya mkono lazima iachiliwe, maana ndiyo inayoshika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele kwanza. Gari linalovutwa na mbele likiwa otomatiki liache kwenye P, na la gia za mkono kwenye gia ya kwanza. Zitashika magurudumu ya mbele na kuacha ya nyuma huru. Kama nyuma ndiko kunakosukuma, weka fri na utegemee mawe.

Shika gurudumu juu na chini, penye saa 12 na saa 6, ulisukume na kulivuta. Likicheza na kugonga, beringi iko mwishoni. Lisipocheza, usiitangaze nzima: beringi za kisasa zilizofungwa huvuma kwa miezi kabla ya kulegea. Kipimo bora ni springi. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili viguse springi ya upande huohuo. Chuma hubeba mtetemo, na beringi yenye kidonda utaihisi kama mchanga unaosagwa ndani. Kisha fanya hivyo upande wa pili. Bila kulinganisha, vidole havijui lolote. Usiuchanganye mtetemo huo na mkwaruzo mwepesi wa breki. Huo ni wa kawaida, au ni bamba la nyuma ya breki limepindwa na jiwe, na linanyooshwa kwa mkono.

Joto nalo linasema. Endesha kilomita 15 au 20 ukigusa breki kwa nadra, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu, yaani kitovu ambapo gurudumu hufungwa, bila kuishika. Moja ikiwa moto waziwazi kuliko mwenzake, ni beringi au breki iliyong'ang'ania. Zungusha gurudumu likiwa juu: likiwa zito, anza na breki.

Difu ni ya Hiace, pikapu na wenzao. Dalili yake ni mguu wa dereva. Ukikanyaga mafuta inalia, ukiachia inanyamaza au inabadili sauti, kwa kuwa meno ya gia yanagusana upande mwingine. Beringi ya gurudumu haijali mguu wako. Kagua mafuta ya difu, ila fungua kwanza bolti ya kujazia ndipo ufungue ya kumwagia. Ukishamwaga mafuta na ya juu ikakataa kufunguka, gari halitoki hapo. Kiwango sahihi ni mafuta kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia, na magari mengi hutumia mafuta yaliyoandikwa 80W-90 ya daraja la GL-5. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida.

Beringi zenyewe huuawa na nini huku kwetu? Matuta na mashimo yanayopigwa kwa kasi hubonyeza gololi kwenye njia yake na kuacha alama ndogo, na alama hukua kuwa kidonda. Uzito nao: Probox inayobeba watu kumi na magunia inaikamua beringi iliyopimwa kwa mzigo mwingine kabisa. Lakini muuaji mkimya ni maji. Habu ikiwa moto kisha ikazama kwenye maji baridi, kwenye mafuriko ya Ahero au ufuoni Kisumu pale gari linapooshwa magurudumu yakiwa ziwani, hewa iliyo ndani hupoa, husinyaa, na kuvuta maji kupitia ukingo wa sili, mpira unaoiziba beringi. Grisi huoshwa, kutu huanza, na wiki kadhaa baadaye mvumo unasikika wakati mwenye gari ameshasahau yale maji.

Kubadilisha kunategemea gari. Magari mengi madogo ya Toyota yanayovutwa na mbele, Fielder ikiwamo, hubeba beringi ya nyuma pamoja na habu yake nzima, iliyofungwa kwa bolti nne. Hiyo haihitaji mashine. Subaru Forester za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina beringi ya kusukumwa ndani ya chuma, na hapo presi, mashine ya kusukumia, ni lazima. Fundi akianza kuigonga kwa nyundo, mzuie. Nguvu ikipitia kwenye gololi, beringi mpya huingia ikiwa na alama zilezile zinazoachwa na mashimo, na itavuma kabla ya mwaka kwisha. Nati kubwa ya katikati ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari kabla gurudumu halijabeba uzito.

Kwa gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki, upande mmoja wa beringi nyingi una pete ya sumaku inayosomwa na sensa. Beringi ikifungwa kinyume, taa ya ABS itawaka na kazi itarudiwa. Pete hiyo isilazwe juu ya meza yenye unga wa chuma.

Beringi inayovuma bila kucheza inaweza kukufikisha nyumbani na kukupa siku chache za kutafuta kifaa halisi. Inayocheza isiende safari ya Kericho. Habu iliyolegea huyumbisha breki, hupasha moto hadi grisi iungue, na mwisho gurudumu hukwama au hutoka.

Nati za gurudumu kwenye Toyota ndogo hukazwa kwa Nm 103, kwa mpangilio wa msalaba. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zipitie tena kwa spana, hasa kama rimu ilikuwa na kutu au rangi pale inapokalia habu.