Dino 246 au Carrera RS 2.7? Mimi naanza na sumaku

Swali ninaloulizwa kila siku na watu wa magari ya zamani ni kati ya Dino 246 GT ya Ferrari na Porsche 911 Carrera RS 2.7 ningechukua ipi, na wengi wanakimbilia hospawa, eti RS ina 210 na Dino 195 basi kesi imeisha. Haijaisha bwana.

RS ilizaliwa kwa ajili ya mashindano. Porsche walitakiwa watoe 500 tu ili iruhusiwe kushindana, wakaionyesha kwenye maonyesho ya magari ya Paris mwaka 1972, watu wakaigombania mpaka zikafika 1,580. Ile nyepesi, Sport, ina kilo kama 960, bati jembamba mpaka vioo vyembamba, inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 5.8 na mwisho wake ni 245 kwa saa. Kwa gari la 1973 hiyo ni balaa. Sema injini inaning'inia nyuma ya ekseli, ukiingia kona na moto halafu ukaogopa ukaachia mafuta ghafla, mkia unataka kukutangulia, ndo maana wakaiwekea matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele na kile kibawa cha mkia wa bata.

Dino yenyewe injini yake ya V6 (silinda sita) ya lita 2.4 imekaa kwa upana mgongoni kwa dereva, mbele ya ekseli, so kwenye kona haina ubishi kabisa. Barabara ikinyooka RS inaiacha, sawa, ila kwenye kona kona unasikia zile kabureta 3 za Weber zinavuta hewa karibu na sikio lako, aisee. Gia ya pili tu usiilazimishe oili ikiwa bado baridi.

Sasa hela. Dino zilitengenezwa magari 3,700 na kitu, na Enzo Ferrari aliipa jina la mwanae aliyefariki 1956, nembo ya farasi ya Ferrari kiwandani haikuwekwa. Ukiikuta na farasi puani, kuna mtu kaibandika baadaye.

RS tatizo ni feki. Mtu anachukua 911 ya kawaida anabandika mkia wa bata na maandishi ya Carrera ubavuni, anakuuzia. Namba ya chesisi lazima ianze na 911360, na injini iwe ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikiwa na historia ya mashindano ndo usiseme, RS ndo gari aliyomaliza nayo dereva Msweden Waldegård wa pili Safari Rally ya 1974, nyuma ya Mkenya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake.

Kwa kutunza hela nachukua RS Touring, ile yenye starehe zaidi kuliko Sport, yenye karatasi zote, hata sifikirii mara mbili. Moyo wangu uko kwa Dino lakini, na hapo ndo natoa sumaku, maana zile bodi za chuma zinaliwa na kutu vibaya: napitisha pale chini ya milango, isiposhika ujue umepakwa puti, na kurudisha bodi ya Dino kunaweza kumeza hela kuliko kufufua injini yake.