Je, wajua? Nyutro ikikatika mtaani, mwenye taa moja ndiye anayeungua

Usiku mmoja wa masika, Ngamiani mjini Tanga, upepo ulivuma kama saa nzima, mvua ikiingia hadi chini ya mlango, kisha umeme ukaanza kucheza. Kwa shangazi, friji ilikuwa inaguguma bila kuwaka na taa zake za kizamani zikawa nyekundu kama kaa linalokaribia kuzimika. Nyumba ya pili, kwa mpangaji mwenye balbu mbili na redio, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Taa ziling'aa kupita za ukumbi wa harusi, moja ikapasuka, redio ikatoa moshi. Asubuhi mtaa ukakubaliana kwamba radi imepiga.

Radi haikuhusika. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, ilikatika, na swali ni hili: kwa nini aliyetumia umeme kidogo ndiye aliyeunguliwa, wakati mwenye friji na pasi aliishia kukaa gizani tu?

Transfoma ya mtaani hutoa nyaya nne: fezi tatu, yaani nyaya za kuleta umeme, na nyutro moja. Ukipima fezi na nyutro unapata takriban volti 230. Ukipima fezi na fezi unapata 400. Nyumba nyingi hupewa fezi moja na nyutro, na nyumba hugawanywa ili fezi moja isielemewe: huyu wa kwanza, yule wa pili, anayefuata wa tatu. Nyutro ndiyo njia yao ya pamoja ya kurudia kwenye transfoma.

Sasa ikatike upande wa transfoma, huku kipande kinachounganisha nyumba kikibaki kizima. Umeme hauzimiki. Unaingia kwa shangazi kwa fezi yake, unapita kwenye vyombo vyake, unatokea kwenye kile kipande cha nyutro, unaingia kwa jirani kwa mlango wa nyuma na kumalizikia kwenye fezi ya jirani. Nyumba mbili zimefungwa mkia kwa mkia, na kati yao kuna volti 400 za kugawana.

Hawagawani nusu kwa nusu. Chukua nyumba mbili tu, kwa urahisi wa hesabu. Shangazi amewasha vyombo vya wati 2,000; ukinzani wake, yaani jinsi vyombo hivyo vinavyouzuia umeme usipite, ni kama omu 26. Jirani ana taa za wati 100. Ukinzani wake ni omu 529. Umeme mmoja unapita kote kuwili, kwa hiyo mwenye ukinzani mkubwa ndiye anayebebeshwa volti nyingi. Piga hesabu: kwa shangazi zinabaki kama volti 19, kwa jirani zinafika karibu 381. Taa iliyotengenezwa kwa volti 230 haina ubavu wa kubeba hizo. Mtaani fezi ni tatu na nyumba ni nyingi, hivyo tarakimu hupungua makali, lakini tabia ni ileile. Wala usidhani shangazi alinusurika, maana mota ya friji ikipewa volti chache hushindwa kuzunguka, huvuta umeme mwingi ikiwa imesimama, na waya zake za ndani huchemka.

Ndiyo maana taa ziking'aa kupita kawaida, usisubiri kuona kitakachofuata. Zima meni swichi hapohapo. Mambo ya kuulizana baadaye.

Mvua inaingia wapi? Mara nyingi mvua humalizia tu kazi iliyokwisha kuanza. Nyaya za juu ya nguzo kwa kawaida ni za alumini, na za kuingia ndani ya nyumba aghalabu ni za shaba. Metali hizi mbili hazipatani zikilowa pamoja: alumini huliwa, na kiungo huota unga mweupe. Tanga, Mombasa, Unguja, popote penye upepo wa chumvi, hilo halichelewi. Kiungo kikiwa kimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa tepu badala ya konekta inayofaa, huchoka, hupata moto mzigo unapokuwa mkubwa, hulegea zaidi. Upepo ukija kuutikisa waya, kazi imebaki dakika chache.

Nyutro hukatika ndani ya nyumba pia, na hapo kuna kioja kinachowachanganya hata mafundi. Taa za chumba zimezima, fundi anachomeka testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme, kwenye tundu la soketi la fezi, inawaka. Anachomeka tundu la nyutro, nayo inawaka! Utamsikia akisema umeme umerudi nyuma. Kweli umerudi: fezi imepita kwenye balbu iliyoachwa imewashwa, ikajaa upande wa pili kwa kuwa haina pa kutokea. Waya unaouamini kuwa hauna kitu unaweza kukuua. Testa haikudanganyi hapo, ila haikuambii habari yote. Inahitajika mita ya kupimia volti.

Nyumba ya zamani ina visa vyake. Katika nyaya za mtindo wa zamani wa Kiingereza, nyekundu ni fezi, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Siku hizi kahawia ni fezi, buluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Na katika kebo mpya ya fezi tatu, nyeusi ni fezi mojawapo. Nyumba iliyoongezwa vyumba kwa miaka arobaini huwa na rangi zote hizo juu ya dari moja. Kwa shangazi tulikuta hata waya wa zamani wenye ganda la mpira, mkavu kama gome. Ukiukunja unapukutika mkononi na shaba inabaki uchi.

Halafu fyuzi za kuzungushia waya. Ya taa ilipaswa iwe ya ampea 5. Mtu aliyechoka kukatikiwa alikuwa ameweka waya wa shaba mnene kama kiberiti. Tangu siku hiyo fyuzi haikukatika tena, bila shaka. Kitu cha kwanza kuungua kingekuwa nyumba.

Basi fundi unamjuaje? Tanzania, leseni za wafunga umeme hutolewa na EWURA. Kenya ni EPRA. Omba kuiona, na uangalie daraja lake linaruhusu kazi gani. Lakini mimi humpima kwa maswali anayouliza kabla ya kufungua begi. Yule wa shangazi aliuliza: kwa jirani taa zilififia au ziling'aa? Ilianza na upepo au baada ya mvua? Mwingine aliyetangulia alitaka kuuza breka mpya akiwa bado mlangoni.

Huyu wa shangazi alipima volti kwanza, akazima meni, akatoa mega kupima kama ganda la nyaya bado linazuia umeme kuvuja. Kipimo hicho husukuma volti 500, na usomaji ukiwa chini ya megaomu 1 kuna tatizo. Mstari wa jikoni haukufika hata robo. Maji yalikuwa yanafuata waya wa nje na kuingia nao ukutani, kwa sababu aliyeufunga hakuuachia mkunjo wa kuning'inia chini kidogo ili matone yadondokee nje. Alishauri pia breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, akaonya kwamba siku ya mvua ikijikata, asitokee mtu wa kuiruka kwa waya.

Shangazi akamwambia, "Mwanangu, si upande tu nguzoni ukakaze hicho kiungo? Nitakupa chochote."

"Hapana mama. Kuanzia mita kurudi nguzoni ni kwa shirika la umeme. Wapigie waje, uwaambie nyutro, usiwaambie umeme umekatika."

Walipofika, kiungo kiling'oka kwa vidole viwili.