Besi ya vidaraja viwili si mbovu

Wapiga besi wengi huamini kuwa gitaa la besi lenye vidaraja viwili (vipande vidogo vinavyobeba nyuzi mwishoni mwa gitaa) kwa nyuzi nne haliwezi kutoa sauti sahihi. Si kweli. Besi ya Fender Precision ya 1951 ilitoka hivyo kiwandani: nyuzi za E na A zilishiriki kidaraja kimoja, D na G kingine. Vidaraja vinne vilikuja 1957.

Ni kweli, uzi mnene huhitaji urefu zaidi kidogo, hivyo huwezi kuridhisha jozi nzima. Basi gawanya kasoro. Funga nyuzi mpya kwanza, maana zilizochoka hudanganya sikio. Bana uzi kwenye freti ya 12 (kijiti cha chuma cha 12 kwenye shingo), ulinganishe na sauti ya uzi ulioguswa tu hapo bila kubanwa. Sauti ya uzi uliobanwa ikipanda kuliko hiyo, rudisha kidaraja nyuma. Ikishuka, kisogeze mbele, mpaka uzi mmoja uzidi kidogo na mwenzake upungue kidogo. Na ulegeze kidole: kubana kwa nguvu hupandisha sauti hata kwenye vidaraja vinne.